Jina Bila Wasomaji Halizai Fedha



Baadhi yenu mmeuliza iwapo mkopo wa halmashauri, ule utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani, waweza kununulia majina ya vikoa ili yaingize fedha za matangazo ya mtandaoni.

Nawajibu bila kuficha. Jina la kikoa halimilikiwi daima; husajiliwa kwa muda, na ada isipolipwa hurudi sokoni. Kurasa tupu zenye matangazo ziliwahi kulipa, lakini mwaka 2012 Google ilifunga huduma yake ya kurasa za namna hiyo. Tena, asajiliye jina la biashara ya mwingine kwa kusudi la kumuuzia aweza kunyang'anywa pasipo fidia.

Matangazo hufuata wasomaji, na wasomaji hufuata habari. Basi sajilini jina moja tu, linaloishia na .co.tz, muweke humo bidhaa zenu, bei na namba ya simu, na kuhuisha bei hizo kila wiki.

Mkopo huu hauna riba, lakini hurejeshwa. Mmoja akikosea hesabu, kikundi kizima hudaiwa.