Mzio wa Madini na Upasuaji wa Goti: Semeni Mapema

(Maandishi ya mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wakazi wa Shimoni)

Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu, hasa kina mama waliotoka kwenye mwani Kibuyuni na wale waliovuka kutoka Wasini na Mkwiro.

Nianze kwa kusema kwamba mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuwafikishia habari. Nitakayosema leo nimeyauliza kwa wanaoyajua, na mengine nimeyaona nyumbani kwetu. Uamuzi kuhusu mwili wako unabaki kati yako na daktari wako.

Ninaloomba mwondoke nalo ni hili. Kama pete, vipuli, saa au bizimu ya mkanda hukuwasha ngozi, mwambie daktari kabla hujawekewa goti au nyonga bandia. Na ukishamwambia, usikimbie matibabu kwa hofu.

Shangazi yangu ameniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja jina. Umri wake umepita miaka 60. Maisha yake yote aliuza samaki, akipanda kutoka ufuoni na ndoo kichwani. Goti la kulia lilianza kwa kumkaza asubuhi, likaishia kumnyima kusujudu, akawa anaswali kwenye kiti. Alikuwa akiishi kwa tembe za maumivu za dukani, mpaka tumbo nalo likaanza kumsumbua. Eksirei ilipoonyesha kwamba gegedu limesagika na mfupa unagusa mfupa, daktari alimshauri abadilishiwe goti. Tarehe ikapangwa.

Usiku wa kuamkia safari ya hospitali alinipigia simu. "Mwanangu, mimi siendi. Kipuli cha shilingi 50 kilinitoa majimaji masikioni wiki nzima. Hicho chuma cha goti kitanifanyaje?"

Nilimuuliza kama amemwambia daktari. Akasema hakuulizwa. Kwenye fomu palikuwa na swali moja tu: una mzio wa dawa au chakula? Alijibu hapana, na alisema kweli. Kipuli si dawa, wala si chakula.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Shangazi hakuficha. Hakujua tu kwamba habari ya kipuli ni habari ya hospitali. Asubuhi tulipiga simu, upasuaji ukaahirishwa, akapelekwa kwa daktari wa ngozi. Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa sababu nimeambiwa fomu kama ile si ya mahali pamoja.

Sasa tuelezane hilo goti bandia ni kitu gani. Si kipande kimoja cha chuma. Ncha ya mfupa wa paja huvikwa kofia ya madini, mara nyingi mchanganyiko wa kobalti na kromi. Juu ya mfupa wa muundi huwekwa sahani, mara nyingi ya titaniamu. Katikati huwekwa plastiki ngumu inayofanya kazi ya gegedu lililosagika. Mara nyingi vipande hivyo hushikizwa kwa saruji maalumu ya mfupa. Nyonga bandia nayo ina shina linaloingia ndani ya mfupa, kichwa cha mviringo na kikombe chake. Upasuaji huu si majaribio mapya. Nyonga bandia za kisasa zilianza mwaka 1962 kwa kazi ya daktari John Charnley wa Uingereza.

Mzio, au aleji kama tulivyozoea kusema, hutokea mwili unapokichukulia kitu kisicho na madhara kama adui. Madini yanayoongoza kwa mzio wa ngozi ni nikeli, na ndiyo iliyomo kwenye mapambo mengi ya bei nafuu. Huko Ulaya, ambako jambo hili limechunguzwa sana, zaidi ya mtu 1 kati ya kila 10 ana mzio huo, na wanawake ni wengi kuliko wanaume, kwa kuwa wanatoboa masikio. Ndiyo sababu mwaka 1994 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kupunguza nikeli katika vitu vinavyogusa ngozi.

Hapa niwatahadharishe jambo. Kama ngozi ilikuchubuka kwa piko au hina nyeusi harusini, huo ni mzio mwingine. Unatokana na rangi ya nywele inayochanganywa humo, si madini. Mwambie daktari hilo pia, lakini usiyachanganye.

Je, goti lina nikeli? Katika mchanganyiko wa kobalti na kromi nikeli huwa kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 1. Katika chuma kisichoshika kutu, ambacho hutengenezewa vyuma vingi vya kuunga mifupa iliyovunjika, nikeli hupita asilimia 10. Kwa hiyo hata kijana aliyeanguka na bodaboda na anatakiwa kuwekewa vyuma mguuni, habari hii inamhusu.

Sasa sikilizeni sehemu ya kutuliza moyo. Watu wengi wenye mzio wa nikeli kwenye ngozi huwekewa viungo bandia vya kawaida na hawapati shida yoyote. Ndani ya goti hakuna jasho wala ngozi ya sikio, na mwili haujibu kila mahali kwa namna moja. Ndiyo maana madaktari hawampimi kila mgonjwa mzio wa madini. Wanaopimwa ni wale wenye historia, yaani watu kama shangazi yangu. Nao hawawezi kuijua historia hiyo usipowasimulia.

Kipimo chenyewe hakina sindano. Vibandiko vyenye madini mbalimbali kwa kiasi kidogo hubandikwa mgongoni. Hukaa siku 2, kisha hubanduliwa na ngozi hutazamwa, halafu hutazamwa tena baada ya siku kadhaa, kwa sababu madini mengine hujibu kwa kuchelewa. Siku hizo mgongo haufai kulowa. Maana yake hakuna kuogelea, hakuna kuingia kwenye mwani, hakuna kazi ya kutoa jasho jingi. Wavuvi na wakulima wa mwani, pangeni siku zenu mapema. Na kama unatumia tembe au krimu za kupunguza uvimbe na mwasho, mwambie daktari, kwani nyingine huficha majibu.

Shangazi alipatikana na mzio wa nikeli. Daktari wa upasuaji alikaa naye akamweleza njia zilizopo. Kuna magoti ya titaniamu, kuna yaliyopakwa tabaka gumu la kuzuia madini yasiguse mwili, na kuna yanayotengenezwa kwa zirkoniamu. Majina haya si mageni kwetu Kwale. Mchanga wa Maumba na Nguluku ulichimbwa kwa ajili ya madini yenye titaniamu na zirkoniamu, meli ya kwanza ikapakia Likoni mwaka 2014, na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024. Mengi ya madini hayo huishia kwenye rangi na vigae vya nyumba, lakini jamii hiyo hiyo ya madini ndiyo inayofaa ndani ya mwili.

Daktari alimwambia pia ukweli ambao niliupenda. Goti hilo maalumu ni ghali zaidi, na hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba kwa kila mwenye mzio litafanya kazi vizuri kuliko la kawaida. Shangazi aliuliza, akajadiliana na wanawe, akachagua lililopakwa. Mwingine angechagua la kawaida, na asingekuwa amekosea. Tofauti ni kwamba aliamua akiwa anajua.

Ndugu zangu, baada ya upasuaji goti huvimba na kuuma kwa wiki kadhaa, na hilo peke yake si mzio. Uvimbe ukizidi badala ya kupungua, ukipata homa, au kidonda kikitoa usaha, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Maambukizi ndiyo hutafutwa kwanza, kisha kulegea kwa kiungo. Mzio hufikiriwa baada ya hayo kuondolewa. Usikae nyumbani ukisema ni aleji, huku maambukizi yanaingia mfupani.

Niwaachie mambo ya kufanya.

Kwanza, usivumilie goti kwa tembe za dukani mwaka hadi mwaka. Zinaweza kuumiza tumbo na figo. Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, na ukihitaji zaidi upewe rufaa. Si kila goti linahitaji kisu. Mazoezi, kupunguza uzito na mkongojo husaidia wengi.

Pili, ukipelekwa kwa daktari wa mifupa, sema mwenyewe hata usipoulizwa: ni kitu gani kilikuwasha, wapi, na kwa muda gani. Kama uliwahi kuwekewa vyuma mwilini au meno ya madini, sema pia na ueleze kama vilikusumbua.

Tatu, uliza goti utakalowekewa limetengenezwa kwa nini. Uliza kama SHA italipia na kiasi gani kitabaki juu yako, hasa kikiwa kiungo maalumu. Omba jibu kwa maandishi kabla familia haijaanza mchango.

Nne, viungo bandia huja na vibandiko vyenye jina na namba. Omba nakala uiweke pamoja na kadi zako. Miaka 15 ijayo daktari mwingine atataka kujua kilichomo ndani.

Mtaniuliza shangazi yuko wapi sasa. Kusujudu bado ni kazi, kiti cha kuswalia hajakiacha, na daktari alimwambia tangu mwanzo kwamba goti bandia si goti la ujana. Lakini anatembea mwenyewe mpaka sokoni, na usiku analala. Juzi aliniambia jambo moja linamuuma: alikuwa karibu kuikosa safari ile kwa sababu ya maneno ambayo hakujua aseme kwa nani.

Sasa nyinyi mnajua ni kwa nani. Mwambieni daktari, na mwambieni mapema.