Kuanzia kwenye Kuni: Kufundisha Maamuzi ya Nishati katika Shule za Sironga

Mwanafunzi wa Sironga, katika Kaunti ya Nyamira, hufundishwa nishati kama fizikia: jua linavyotoa umeme, maji yanavyozungusha mitambo. Hoja yangu ni kwamba somo hilo halijakamilika hadi ajue nani huamua chanzo gani kitumike, katika ardhi ya nani, na hasara inamwangukia nani. Tena lianzie kwenye kuni, si kwenye sola. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kaya za Kenya hupikia kuni. Hapa Nyamira, viwanda vya chai kama Sanganyi, Tombe na Kebirigo huchoma kuni kwenye boila ili kukausha majani, na matanuri ya matofali nayo yanahitaji zake. Soko hilo humvuta mwenye kishamba kidogo kupanda mikaratusi hadi kwenye mabonde ya majimaji, ingawa mti huo hunyonya maji mengi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ya kandokando ya mito ing'olewe, lakini agizo halikumwambia mkulima karo ya watoto itatoka wapi. Uzito wa somo uko hapo hasa. Mkulima yuleyule ni mwanahisa wa kiwanda, ndiye anayekiuzia magogo, na familia yake huteka maji kwenye chemchemi inayopungua. Darasa likimgawa kuwa mhalifu au mhanga, litakuwa limekosa kumwelewa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni siasa, na kwamba maswali ya kitaalamu yaachiwe wahandisi. Lamu inawajibu. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa huko kwa kuwa, pamoja na kasoro nyingine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliopinga hawakuhitaji shahada ili kuuliza kuhusu majivu, bahari na samaki. Wala nishati safi haina kinga: mradi wa umeme wa upepo wa Kinangop ulivunjika mwaka 2016 baada ya upinzani wa wenyeji kuhusu ardhi. Visa hivi viwili visomwe pamoja, mwanafunzi asije akadhani kila anayepinga ana haki, au kila mwekezaji ni mwizi.

Pingamizi la mitihani ni zito zaidi, kwa kuwa mwalimu hupimwa kwa matokeo. Hata hivyo, kupima kuni zinazoteketea katika jiko la shule kwa muhula mmoja ni hesabu na ni fizikia. Kuuliza zilikokatwa ni jiografia. Mtaala wa umilisi nao unataka mwanafunzi ajifunze kwa kuihudumia jamii. Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati, na Kifungu cha 69 cha Katiba kinataka umma uhimizwe kushiriki katika kutunza mazingira. Basi wanafunzi wapeleke vipimo vyao kwenye vikao vya kaunti, waulizwe maswali na watu wazima, na mwalimu awe tayari kuwasikia wakitetea msimamo asioukubali.