Ngazi ya Kupandia Darini

Leo tutazungumza juu ya kitu kimoja cha nyumbani ambacho twakitumia sana lakini hatukifikirii. Kitu hicho ni ngazi ya kupandia darini.

Zamani wazee wetu waliishi katika misonge, zile nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa majani. Siku hizi tunajenga nyumba za matofali na kuziezeka kwa mabati. Baadhi yetu tumetengeneza dari ya mbao au ya miti juu ya chumba kimoja. Huko twaweka maharage, mahindi, na pengine kahawa iliyokauka, ikingoja kupelekwa kwenye chama cha msingi. Mahali hapo ni pazuri. Unyevu wa sakafuni haufiki, na kuku na mbuzi hawafiki. Lakini mtu lazima afike, na njia yake ni ngazi.

Basi nauliza: nyumbani kwako, ni nani apandaye ngazi hiyo mara nyingi kuliko wote? Pengine wewe baba utajibu, "Ni mimi, maana mimi ndiye niliyeitengeneza." Fikiri tena. Baba hupanda siku ya kupandisha magunia na siku ya kuyateremsha. Mama hupanda kila atakapo maharage ya kupika. Hupanda jioni, mwanga ukiwa hafifu, amevaa kitenge, naye amechoka kwa kazi ya shamba. Akianguka, nyumba nzima imeanguka. Kwa hiyo ngazi ipimwe kwa miguu ya mama. Hilo ndilo jambo kubwa la somo la leo. Haya, tutazame kazi yenyewe.

Kwanza, miti. Chagua miti miwili iliyonyoka, isiyo na ufa wala kuliwa na wadudu. Mkaratusi wafaa, lakini usiutumie ukiwa mbichi. Uache ukauke kivulini, kwa maana mti mbichi hupasuka ukikauka, na misumari hulegea.

Pili, vipago, yaani vile vijiti vya kukanyagia. Usivipigilie juu ya miti hivi hivi tu. Ukifanya hivyo, uzito wote wa mtu unabebwa na msumari. Chonga pengo dogo katika kila mti, ukilaze kipago ndani yake, kisha upigilie msumari. Sasa uzito unabebwa na mti wenyewe. Toka kipago hata kipago pawe na sentimita 30, sawa na rula ya shuleni, au pungufu kidogo kama mama ni mfupi. Nafasi zote ziwe sawasawa. Gizani mguu hautazami. Hutafuta kipago pale ulipozoea kukikuta.

Tatu, mwinamo. Ngazi iliyosimama wima mno itamwangusha mtu kinyumenyume. Iliyolala mno itateleza. Kipimo chake ni rahisi. Chukua kamba, upime toka sakafuni hata darini. Ikunje kamba hiyo mara mbili, kisha ikunje mara mbili tena. Umepata robo. Robo hiyo ndiyo nafasi kati ya mguu wa ngazi na mahali palipo chini kabisa ya ukingo wa dari. Kwa mfano, dari ikiwa juu mita 2 na sentimita 40, mguu wa ngazi ukae mbali sentimita 60. Miti ya ngazi hiyo ikatwe mita 3 na nusu, ili ipite juu ya dari kwa mita 1 hivi. Hapo ndipo pa kushika mtu anapoingia na anapotoka. Kama paa ni la chini, kata miti mifupi, lakini weka mti wa kushika pembeni ya tundu.

Nne, kufunga. Ngazi ifungwe juu kwenye boriti kwa waya imara. Usiifunge kwa kamba za mgomba, kwa kuwa zikikauka hukatika upesi. Chini, kama sakafu ni ya udongo, chimba vishimo viwili vya kusimamishia miguu yake. Kama ni ya saruji, pigilia vipande vya mpira wa tairi chini ya miguu hiyo.

Tano, kupanda. Mtu ana mikono miwili na miguu miwili. Katika hivyo vinne, vitatu viwe vimeshika ngazi wakati wote. Basi usipande na debe mkononi. Pandisha na uteremshe mzigo kwa ndoo na kamba. Unaposhuka, uelekeze uso kwenye ngazi, kama ulivyopanda. Na tundu la dari liwe na kifuniko, kwa maana mtoto akiona mama anapanda, naye atajaribu.

Kabla sijamaliza, kumbukeni tarehe 10 Septemba 2016. Siku ile tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wetu wa Kagera. Watu walikufa na nyumba nyingi zilibomoka. Mzigo ulio juu ni hatari kwa aliye chini. Msirundike magunia katikati ya dari. Yapangeni kandokando, karibu na kuta zinazobeba boriti. Wala msimlaze mtu chini yake.

Sasa someni tena ukurasa huu pamoja, kisha mjibu maswali haya:

1. Kwa nini kipago kisishikwe na msumari peke yake?
2. Dari ikiwa juu mita 2, mguu wa ngazi ukae mbali sentimita ngapi?
3. Nyumbani kwako, ni nani apandaye mara nyingi? Je, umepata kumwuliza kama ngazi inamfaa?

Swali la tatu halijibiwi darasani. Nenda ukalijibu nyumbani jioni hii, kamba ikiwa mkononi.

Kwa herini, ndugu zangu, hata somo lijalo.