Dalali wa Mtandao Naye Akaguliwe

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au wa Mgusu hahitaji kufundishwa maana ya dalali. Dhahabu yake ikipitia mkononi mwa mtu kabla ya kumfikia mnunuzi, mtu huyo atajua ni gramu ngapi, imetoka duara gani na mwenyewe ni nani. Ndiyo maana Machi 2019 lilifunguliwa soko la madini mjini Geita, ili mizani iwe hadharani na mnunuzi awe mtu mwenye leseni.

Leo nataka tumzungumzie dalali mwingine, aliyemo mifukoni mwa vijana wengi wa Katoro, Kahama na Shinyanga mjini. Dalali huyo ni programu ya VPN, pamoja na ndugu yake aitwaye proksi. Badala ya simu yako kwenda moja kwa moja kwenye tovuti unayoitaka, hupeleka ombi kwa seva ya mtu mwingine. Seva hiyo huenda kwa niaba yako, kisha hukurudishia majibu.

Haja ya dalali huyu haikuzuka hivi hivi. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilizuiwa. Mei 2025 ikawa zamu ya mtandao wa X. Kila mlango ulipofungwa, watu walitafuta dirisha, na fundi simu akawawekea VPN ya bure. Wachache waliuliza: anayelipia seva hiyo ni nani, naye anapata nini?

Hebu tutazame yaliyotokea kwingine. Julai 2020 iligundulika kwamba kampuni ya UFO VPN ya Hong Kong, iliyowaahidi wateja wake kuwa haihifadhi kumbukumbu zao, ilikuwa imeziacha wazi mtandaoni. Ndani yake mlikuwamo maneno ya siri yasiyofichwa na anuani za mtandao za watumiaji. Kampuni hiyo ilijigamba kuwa na watumiaji milioni 20. Waliokuwa wakijificha ndio walioanikwa.

Mtu atasema, basi nitafute dalali mwaminifu. Vema, lakini uaminifu peke yake hautoshi. Iko programu ya proksi iitwayo Tinyproxy, ndogo na ya bure, inayotumiwa na wafanyabiashara wadogo na watoa huduma za intaneti. Mei 2024 watafiti walitangaza tundu ndani yake: mtu wa mbali angeweza kutuma ombi lililopindwa kwa makusudi, akaiangusha seva, na hata pengine akaitawala. Seva zaidi ya 90,000 zenye programu hiyo zilionekana mtandaoni, na zaidi ya nusu zilikuwa na toleo lenye tundu. Aliyeitunza programu alieleza kwamba onyo la kwanza, la Desemba 2023, huenda lilipelekwa kwenye anuani ya zamani. Miezi ikapita pasipo kiraka.

Wala si programu ndogo tu. Squid ni proksi kongwe, iliyoanza miaka ya 1990 na kutumika katika ofisi na vyuo vingi duniani. Mwaka 2021 mtafiti mmoja aliichunguza, akakuta kasoro 55. Oktoba 2023 alipotoa taarifa hadharani, kasoro 35 zilikuwa bado hazijarekebishwa. Walioitunza ni wachache, wengi wao wa kujitolea.

Ndugu msikilizaji, ushukapo duarani huulizi tu kama mwenye duara ni mtu mwema. Unatazama matimba: yamebadilishwa lini, yameoza au la? Programu nazo zina matimba yake, nayo ni viraka vinavyotolewa kila tundu linapojulikana. Asiyesasisha programu anashuka chini ya magogo yaliyooza.

Tufanyeje basi? Malipo ya simu yanayopigwa kwa nyota na reli hayapiti kwenye intaneti, kwa hiyo dalali huyu hayagusi. Programu za benki nazo zina kufuli lao, hata hivyo dalali huona unakwenda wapi na saa ngapi, na akiwa mwovu atajaribu kukupeleka kwenye tovuti bandia. Kwa hiyo zima VPN kabla ya kugusa fedha. Usiruhusu programu usiyoijua isome meseji zako. Nanyi wenye hoteli, shule na ofisi mliofungiwa proksi na fundi, muulizeni ni toleo gani na lilisasishwa lini. Akikosa jibu, hilo ndilo jibu.

Kwa wakubwa nina neno moja. Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka wanaohitaji VPN wajiandikishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Lakini orodha ya watumiaji haizibi tundu hata moja. Kwenye dhahabu tulijifunza kwamba ulanguzi hupungua pale soko la halali linapokuwa karibu na wazi. Ukimfungia mwananchi mlango wa mbele, humzuii kutoka; unamkabidhi kwa dalali asiyejulikana, na siri zake zikiibiwa, ataogopa hata kwenda kushitaki.