Kifaa cha Kutia Alama za Vikunjo, na Malipo ya Fundi

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati mbele ya mkutano wa mafundi wa cherehani)



Kamati yenu imeulizwa swali na mafundi washonao nguo za wanawake na za watoto, nasi twaona yafaa kulijibu mbele ya wote. Swali lenyewe ni hili: tajiri akileta kile kifaa kidogo cha kutia alama za vikunjo, akakifunga kwenye cherehani, kisha akasema malipo ya blauzi yapunguzwe kwa kuwa kazi imekuwa nyepesi, je, ana haki? Wako wanaosema kifaa kikataliwe kabisa. Wako wanaosema ni chombo kizuri na anayekikataa ni mvivu wa kujifunza. Sisi twasema mtu hawezi kuhukumu chombo asichokijua. Basi kwanza tukitazame kifaa, kisha tuitazame kazi, na mwisho tuzitazame fedha.

Kila fundi hapa ajua kikunjo. Ni sehemu ya kitambaa iliyokunjwa na kushonwa kwa mstari ulionyoka, ikalala juu ya kitambaa chenyewe. Twaviona kifuani mwa blauzi, kwenye gauni la mtoto wa kubatizwa, na chini ya gauni la msichana wa shule, ambapo mama mwenye akili hutaka kikunjo kipana ili akifumue mtoto akirefuka. Kikunjo kimoja si kazi. Kazi ni vikunjo 20 vilivyo sawa, kwa maana jicho la mnunuzi halina huruma: kimoja kikipinda, vyote vyaonekana vibaya.

Kwa njia ya mkono, fundi hupima kwa futi, hutia alama kwa chaki au kwa pini, hukunja, hupiga pasi, kisha ndipo ashone. Akimaliza hurudi kupima tena. Katika kazi hii kushona ndiko kuchache; kupima na kukunja ndiko kunakokula saa.

Kifaa tunachozungumza kimefanywa kuondoa kule kupima. Si kitu kipya. Kilitoka Marekani katika karne ya 19, cherehani zilipoanza kuingia majumbani na viwandani baada ya Elias Howe kupata hati yake ya uvumbuzi mwaka 1846 na Isaac Singer kupata yake mwaka 1851. Watu wengi walibuni vifaa vya namna hii, na H. C. Goodrich wa Chicago alikuwa mmoja wa waliojulikana kwa kuviuza. Vya kwanza vilifungwa kwa skrubu juu ya kitanda cha cherehani. Baadaye vikatokea vya kufungwa mahali pa mguu wa kubania kitambaa. Cherehani nyingi nyeusi za zamani ziliuzwa pamoja na kisanduku cha vifaa, na ndani yake mara nyingi kilikuwamo hiki.

Sasa namna kinavyofanya kazi. Kina vipande viwili vya chuma, kimoja juu na kimoja chini, na kitambaa hupita katikati. Kina mkono wenye nguvu ya springi. Kila sindano ishukapo, kibano cha sindano huusukuma mkono huo, nao hukandamiza kitambaa kikatokea mfuo mdogo, kama ule unaofanywa na ukucha. Kwa hiyo wakati sindano inashona kikunjo cha kwanza, pembeni mfuo wa kikunjo cha pili unachorwa. Fundi akifika mwisho hukunja juu ya mfuo ule, akaingiza kitambaa tena, akashona. Hana haja ya futi wala chaki, na kitambaa cheupe hakichafuki.

Katika vifaa vya Singer vya kurekebishwa mna vipimo viwili, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokwama. Kipimo cha kwanza ni cha upana wa kikunjo. Kila namba ni thumuni ya inchi, yaani 1/8. Kipimo cha pili ni cha nafasi. Kila namba ni robo ya inchi, yaani 1/4. Ukiweka vipimo vyote viwili kwenye namba moja, vikunjo vitalala vikigusana, hakuna nafasi kati yao. Sababu yake ni hesabu nyepesi: mfuo huwa mbali na sindano mara mbili ya upana wa kikunjo. Sehemu ya kwanza ya nguo hiyo hufunikwa na kikunjo kilichoshonwa sasa, na sehemu ya pili huwa mgongo wa kikunjo kinachofuata. Ukitaka nafasi ionekane, sogeza kipimo cha pili kwa kiasi cha nafasi uitakayo. Mathalani, vikunjo vya 1/8 vyenye nafasi ya 1/4 kati yao, weka kipimo cha kwanza kwenye 1 na cha pili kwenye 2.

Hesabu ya kitambaa nayo isisahauliwe. Kila kikunjo hula kitambaa mara mbili ya upana wake. Vikunjo 20 vya 1/8 hula inchi 5. Mkata nguo asipojua jambo hili, blauzi itabana, na lawama itamshukia mshonaji ambaye hakukata. Kwa hiyo ni vema kushona vikunjo kwanza, ndipo kifua kikatwe.

Yako mambo manne ambayo kifaa hakiwezi kumfanyia fundi. La kwanza, kikunjo cha mwanzo sharti kipimwe kwa mkono, nacho kifuate uzi wa kitambaa. Kikipinda hicho, kifaa kitanakili upotofu huo mpaka mwisho, maana hakina macho. La pili, mkazo wa mkono wa springi sharti urekebishwe kwa kila kitambaa, ubane pale tu sindano ifikapo chini kabisa. Ukizidi, kitambaa chepesi hukatika. Ukipungua, mfuo hauonekani. La tatu, pamba na kitani hushika mfuo vizuri, lakini vitambaa vya nailoni na poliesta hurudi vikanyooka, na vile vya kuvutika havifai kabisa. La nne, katika kikunjo cha mwisho sharti fundi auinue mkono wa kifaa, la sivyo utabaki mfuo usio na kazi katikati ya nguo. Tena akumbuke kwamba upande ulio juu wakati wa kushona ndio utakaokuwa juu nguo ikivaliwa.

Tumeyasema haya kwa urefu kwa sababu moja. Tajiri asemapo, "Kifaa ndicho kinachofanya kazi," tuweze kumjibu kwa adabu na kwa ujuzi. Kifaa hutia mfuo. Anayechagua uzi wa kitambaa, anayepima mkazo, anayekunja, anayenyoosha na anayejibu nguo ikiharibika ni fundi.

Sasa twende kwenye fedha. Tuseme, kwa mfano tu, fundi hulipwa shilingi 100 kwa blauzi yenye vikunjo, naye hushona 6 kwa siku ya saa 9. Hupata 600, na kila blauzi humchukua dakika 90. Kifaa kinaletwa, naye sasa hushona 8. Tajiri apiga hesabu yake, asema, "Malipo yawe shilingi 75." Mara 8 ni 600. Asema, "Mbona hujapunguziwa kitu? Jioni wapata kilekile."

Tutazame vizuri, ndugu zetu. Kwa 600 ya kwanza fundi alishona kola 6 na mikono 12. Kwa 600 ya pili ameshona kola 8 na mikono 16, vifungo na matundu yake, na mapindo yake. Kifaa hakishoni kola. Hakitii mikono. Kilichopungua ni dakika za kupima vikunjo tu, lakini bei iliyokatwa ni ya nguo nzima. Miguu imekanyaga zaidi, mgongo umeinama vilevile, macho yamechoka zaidi, na mfuko ni uleule. Faida yote ya zile saa mbili na robo zilizookolewa imekwenda upande mmoja.

Lakini vilevile hatusemi kwamba bei isiguswe kamwe. Kifaa kimenunuliwa na mwenye duka, naye ana haki ya kupata faida ya mali yake. Tuseme bei iwe shilingi 90. Fundi wa nguo 8 apata 720, yaani nyongeza ya 120 kwa siku. Mwenye duka naye alipa shilingi 10 pungufu kwa kila blauzi. Huo ndio mgawanyo ambao watu wawili waweza kuketi mezani wakauzungumza. Na ikiwa kifaa ni mali ya fundi mwenyewe, alikinunua kwa fedha yake, hapo twasema bei isishuke hata senti.

Historia nayo yatufundisha. Katika miaka ya 1860 kampuni ya Wheeler & Wilson ilitangaza kwamba shati la mwanamume lililoshonwa kwa mkono kwa saa 14 na dakika 26, kwa cherehani lashonwa kwa saa 1 na dakika 16. Mtu angedhani washonaji wa siku zile walipata nafasi ya kupumzika. Haikuwa hivyo. Nguo za wanawake zilizidi kujazwa vikunjo na mapambo, kwa kuwa sasa yalikuwa rahisi kufanywa. Muda uliookolewa ulirudishwa mezani ukawa kazi nyingine, na washonaji wengi wa kulipwa kwa nguo walibaki katika umaskini.

Tena kesi juu ya vifaa hivi vya vikunjo ilifika hata Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kikao chake cha mwaka 1876. Ilikuwa kesi ya Fuller na Yentzer. Wenye hati za uvumbuzi waliwashtaki wengine kwamba wameiga kifaa chao. Mahakama ilishika neno hili: mtu hawezi kumiliki matokeo, yaani ule mfuo kwenye kitambaa, awezacho kumiliki ni ile njia ya vyuma aliyoibuni ili kuyapata. Wakabishana ni nani mwenye springi na nani mwenye mkono wa chuma. Juu ya mshahara wa yule aliyeketi kwenye cherehani akikunja kitambaa hapakuwa na kesi. Hatumlaumu hakimu, maana hakuulizwa. Swali hilo halijiulizi lenyewe; huulizwa na wafanyakazi waliokusanyika.

Na hapa Kenya tunayo njia ya kuuliza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaitambua kazi ya kulipwa kwa idadi. Kifungu cha 10 chataka kiwango cha malipo na namna ya kukihesabu viandikwe katika mkataba. Na vikibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Kwa hiyo bei iliyobadilishwa kwa neno la mdomo siku ya Jumatatu asubuhi haikufuata sheria. Kifungu cha 18 chasema mfanyakazi wa kazi ya idadi alipwe kwa kadiri ya kazi aliyofanya, mwisho wa mwezi au kazi ikimalizika, lolote litakalotangulia. Na kifungu cha 19, kinachoruhusu makato kwa mali iliyoharibika, chasema uharibifu uwe umetokana na kosa la kukusudia la mfanyakazi, na kiasi kiwe cha haki. Kitambaa kilichokatwa na kifaa kibovu ambacho fundi alikwisha kukitolea taarifa si kosa la kukusudia.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka huohuo yasema mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, ukishasajiliwa mahakamani, huwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika nao. Maana yake ni kwamba bei ya blauzi yenye vikunjo ikiandikwa humo, fundi hahitaji kwenda kuibembeleza peke yake.

Basi kamati yaleta mapendekezo haya mbele yenu.

1. Tusikikatae kifaa. Tujifunze kukitumia, na anayekijua amfundishe mwenzake bila kumficha.

2. Kabla bei haijazungumzwa, kazi ipimwe kwa saa: mafundi watatu, wa kasi tofauti, washone nguo ileile kwa kifaa na bila kifaa, mbele ya mjumbe wa wafanyakazi. Asipimwe yule mwepesi peke yake.

3. Bei ya vikunjo iandikwe mbali na bei ya nguo. Kifaa kikipunguza kazi ya vikunjo, mazungumzo yawe juu ya vikunjo, na bei ya kola na mikono isiguswe.

4. Iandikwe kifaa ni mali ya nani, nani atakitengeneza kikiharibika, na fundi alipwe vipi akikingoja.

5. Kila fundi awe na daftari lake, aandike nguo alizoshona, tarehe, na bei. Mjumbe asiye na hesabu mkononi hushindwa kabla hajaketi.

Ndugu wanachama, vifaa vitazidi kuja. Viwandani zimekwisha kuingia cherehani za sindano nyingi zinazoshona safu nzima ya vikunjo kwa mara moja. Kwa kila kimoja swali litakuwa lilelile: muda uliookolewa ni wa nani? Tukiwa kila mtu na cherehani yake na siri yake, tutajibiwa na mwenye duka. Tukiwa pamoja, tutajibu nasi. Mjumbe wa kila duka achukue mapendekezo haya, ayasome kwa wenzake wakati wa chakula cha mchana, na majibu yaletwe katika mkutano ujao ili yapigiwe kura.