Damu moja, lakini figo je?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Tegeta)

Leo najibu swali la mwenzenu wa kidato cha tatu, aliyenipa kikaratasi baada ya kipindi: "Kaka yangu anasafishwa damu kwa mashine. Wote ni grupu O. Nikifika miaka 18 naweza kumpa figo yangu?"

Swali zito hilo, tena la upendo. Jibu ni huenda. Grupu la damu peke yake halitoshi.

Karibu kila chembe ya mwili wako imebeba protini ziitwazo HLA. Zifikirie kama nembo ya shule kwenye shati. Kinga ya mwili ikiona nembo ngeni, inashambulia. Ndiyo maana figo ya mtu mwingine inaweza kukataliwa.

Nembo hizo umezirithi. Tuseme baba ana mafungu A na B, mama ana C na D. Kila mzazi anakupa fungu moja. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa AC, AD, BC au BD. Wewe na kaka yako mnaweza kufanana kabisa (nafasi 1 kati ya 4), nusu (2 kati ya 4), au msifanane hata kidogo (1 kati ya 4). Mama mmoja, baba mmoja!

Sasa maabara wanajuaje? Mwaka 1964 huko Marekani, Paul Terasaki alibuni kipimo kinachotumia tone dogo tu. Chembe nyeupe zako zinatiwa kwenye vishimo vya kisahani. Kila kishimo kina kingamwili za kutambua nembo fulani. Nyingi zilitoka kwa akina mama waliozaa mara kadhaa, maana mimba huweza kuufundisha mwili wa mama kuzitambua nembo za baba wa mtoto. Kisha inaongezwa dawa ya kukamilisha kazi, halafu rangi. Chembe zilizokufa zinashika rangi. Mtaalamu anachungulia kwa darubini: walipokufa, nembo ipo.

Kasoro yake? Nembo mbili zinazokaribiana sana zinaweza kuonekana moja. Siku hizi wanapima DNA yenyewe: wanatoa nakala nyingi za kipande cha jeni, kisha wanasoma herufi zake moja moja. Kwa njia hiyo aina zaidi ya 30,000 zimeshajulikana duniani.

Mwisho, damu ya mgonjwa inachanganywa na chembe za mtoaji. Zikishambuliwa, hapo ni hatari. Nembo zikipishana kidogo, dawa za kutuliza kinga zinasaidia, lakini mgonjwa atazinywa muda wote figo inapofanya kazi.

Hapa kwetu, Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walipelekwa nje, hasa India.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeandika: kama siku moja vipimo vitasema hapana, usijilaumu. Umependa vya kutosha. Mafungu ndiyo yamegawanyika hivyo. Na vikisema ndiyo, bado uamuzi ni wako, kwa hiari, baada ya kuongea na daktari na wazazi. Figo haiuzwi, wala mtu halazimishwi kuitoa.

Wengine je? Wahimizeni wazazi wapime presha na sukari, maana hayo mawili huharibu figo kimyakimya. Na dawa za maumivu msizimeze kama karanga!

Haya, nani ana swali?