Nyumba Juu ya Nguzo: Kurudi kwa Mkaguzi Jukwaani



Naanza na picha moja ndogo. Katika An Inspector Calls ya J. B. Priestley, usiku mmoja wa mwaka 1912, mkaguzi wa polisi aitwaye Goole anaingia nyumbani kwa kina Birling, matajiri wa kiwanda, wakisherehekea uchumba wa binti yao Sheila. Anawaambia kuwa msichana Eva Smith amekufa kwa kunywa dawa ya kuulia vijidudu. Kisha anatoa picha. Anamwonyesha Bwana Birling peke yake. Wengine wakitaka kuchungulia, anawazuia. Baadaye zamu ya Sheila, halafu ya mama. Gerald, mchumba, hahitaji picha: jina linamtosha.

Tumezoea kisa cha upelelezi kuanza na washukiwa wengi na kuishia kwa muuaji mmoja, wengine wakapumua. Hapa hapumui mtu. Birling alimfukuza Eva kazini kwa kuongoza mgomo wa kudai shilingi 25 kwa wiki, wakati wafanyakazi walipokuwa wakipata 22 na nusu. Sheila alimponza akafukuzwa dukani. Gerald alimweka kinyumba, akamwacha. Eric, mtoto wa kiume, alimpa mimba. Na alipokwenda kuomba msaada kwenye kamati ya hisani, mama yao alishikilia anyimwe. Hakuna mahakama ambayo ingemtia hatiani hata mmoja wao kwa kifo kile.

Mchezo huu uliigizwa kwanza katika Muungano wa Kisovieti mwaka 1945, London ikafuata mwaka 1946. Watazamaji wale walikuwa wametoka vitani karibuni. Walimsikia Birling akijigamba kuwa vita haitakuja na Titanic haizami, nao walijua yote yaliyofuata. Lakini miaka ilivyopita, makali hayo yalififia. Mchezo ukabaki sebule: meza, viti, chupa ya mvinyo.

Mwongozaji Stephen Daldry aliivunja sebule hiyo mwaka 1992 katika National Theatre ya London. Mbunifu wake, Ian MacNeil, aliisimamisha nyumba ya kina Birling juu ya nguzo, ndogo kama ya wanasesere, katikati ya mtaa uliobomolewa na mabomu, mvua ikinyesha jukwaani. Mwanzoni familia inacheka ndani, nasi tunasikiliza kutoka nje, upande wa watoto wa mtaani. Kisha nyumba inafunguka, na mmoja mmoja wanashuka na nguo zao za karamu kwenye mawe yaliyolowa. Mkaguzi amevaa koti la miaka ya 1940: wakati ulioandika mchezo umekuja kuuhoji wakati unaosimuliwa.

Wapo waliolalamika kwamba mapambo yameyameza maneno. Sikubaliani nao kabisa. Someni maelekezo ya Priestley mwenyewe: taa iwe ya waridi, ya kifamilia, mpaka mkaguzi aingie, hapo iwe angavu na kali zaidi. Mwandishi alikwisha kuikabidhi taa kazi ya kuhoji. Daldry aliipa kazi hiyo nyumba nzima, na nyumba ikaelemewa: inainama mbele, vyombo vinaporomoka na kuvunjika.

Halafu Gerald anauliza swali lililokuwa likitungoja tangu mwanzo: nani ana hakika kwamba mlioonyeshwa picha mliona ileile? Wazee wanacheka kwa nafuu. Sheila na Eric hawacheki. Simu inalia.

Mkiuigiza mchezo huu hapa chuoni, nina ombi moja. Kwa Priestley, Edna, mtumishi wa nyumba, ana maneno machache mno. Daldry alimweka nje, machoni petu. Nanyi msimfiche jikoni. Mpeni mahali pa kusimama, karibu vya kutosha kuiona ile picha.